Bunduki Kongwe ya Marisau: Namna ya Kuitambua na Kujua Bei Yake (Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Mombasa)

Bunduki ya marisau iliyoachwa na marehemu babu huzua maswali mawili nyumbani: sasa ni ya nani, na ni ya bei gani? La kwanza hujibiwa na makaratasi. La pili hujibiwa na mihuri midogo iliyogongwa chini ya mitutu, pahali ambapo wengi hawajapata kupatazama maishani mwao, kwa sababu macho huishia kwenye nakshi za ubavuni na jina la Kizungu lililoandikwa juu. Hadithi ya familia ("hii ilikuwa ya gavana", "hii babu alipewa na Mwarabu wa Unguja") haimo katika hesabu mpaka iwe na karatasi ya kuithibitisha.

Mombasa bunduki hizi hazikosekani. Bandari na reli ndivyo vilivyowapitisha wawindaji wa enzi za ukoloni kuelekea Voi na Tsavo, na wenye mashamba, kuanzia Kisauni hadi Kwale, walizihitaji kwa nguruwe mwitu na nyani. Kuwinda kwa burudani kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na silaha nyingi zikaishia makabatini. Wenyewe sasa wanazeeka na kufariki, na warithi hawajui washike wapi.

Makaratasi kabla ya chuma

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila cheti kilichoandikwa jina lake. Cheti cha marehemu hakirithiwi. Kusema "ni ya zamani tu, haifanyi kazi" si utetezi wa kutegemea mbele ya hakimu, kwa hivyo usiujaribu.

Usiipakie bunduki kwenye tuktuk ukaenda nayo kituoni. Nenda mikono mitupu kwanza, muone mkuu wa kituo, mueleze iko wapi na ya nani, kisha fuata atakavyoelekeza; mara nyingi askari watakuja kuichukua. Beba cheti cha kifo, cheti cha silaha cha marehemu kama kipo, na kitambulisho chako. Inapochukuliwa, dai stakabadhi ya maandishi yenye jina la mtengenezaji, nambari ya bunduki, kipimo cha tundu, idadi ya mitutu na idadi ya risasi. Stakabadhi isemayo "bunduki moja kuukuu" haikusaidii kitu. Baada ya mwaka, mirathi ikifika Mahakama ya Kadhi au Mahakama Kuu, hutaweza kuonyesha kuwa bunduki iliyotoka ghalani ndiyo iliyoingia.

Uchunguzi wote ninaoeleza hapa chini ufanyike kwa muuzaji silaha mwenye leseni, au mbele ya mwenye cheti halali. Na tafadhali, picha ya bunduki yenye nambari zake isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kundi la watu themanini si siri, na wezi wa silaha nao wana shangazi zao humo.

Hakikisha haina kitu ndani

Bunduki za kukunjika hufunguliwa, chemba zikaangaliwa kwa macho na kwa kidole. Gobori ni hatari zaidi, kwa sababu baruti iliyoshindiliwa miaka mia iliyopita inaweza kuwa bado imo. Fundi huingiza ufito mdomoni mpaka ugote, huweka alama, kisha huupima kwa nje ya mtutu. Ufito ukiishia mbali na kitundu cha fataki, kuna kitu ndani, na kazi ya kukitoa ni ya fundi peke yake.

Ni ya kizazi gani?

Umbo hukupa umri wa jumla hata kabla ya kusoma herufi moja.

Gumegume huwasha baruti kwa jiwe. Magobori ya fataki yalifuata katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na pwani yetu iliyapokea kwa wingi kupitia Unguja. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaziachia kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Ndiyo maana si ajabu kukuta gumegume iliyotengenezwa wakati Ulaya ilishaitupa teknolojia hiyo. Umbo la kale halina maana ya umri wa kale.

Baadaye zikaja zinazokunjika. Mfaransa Lefaucheux alianza na risasi yenye pini ubavuni mwaka 1835. Ukiona kijinafasi juu ya mdomo wa chemba pa kupitishia pini, umeishika ya ukoo huo. Kisha zikaja zenye sindano ya katikati na nyundo mbili za nje. Mwaka 1875 mafundi Anson na Deeley wa Westley Richards, Birmingham, wakazificha nyundo ndani ya kisanduku cha chuma, na bunduki nyingi sana za mitutu miwili zilizofuata zimejengwa hivyo hadi leo.

Tofauti iliyo na pesa ni baina ya mtambo (sehemu yenye mashine ya kufyatulia) wa kisanduku na mtambo wa sahani. Wa kisanduku una ubavu mfupi unaoishia wima pale mbao inapoanzia. Wa sahani una bamba refu la chuma kila upande lililoingia ndani ya mbao, na ndilo linalobeba mashine yote. Wa sahani ni kazi ya mkono zaidi na kwa kawaida bei yake iko juu. Jihadhari na mabamba ya urembo yaliyobandikwa kwenye kisanduku ili ionekane ya gharama: bamba la kweli huwa na vichwa vya pini na skrubu za mashine vinavyoonekana kwa nje, la urembo huwa tupu au na skrubu moja tu ya kulishikilia.

Kuna pia za mtutu mmoja, kama Greener GP ya Birmingham yenye wenzo chini, na za kujijaza zenyewe kama Browning Auto-5 iliyotengenezwa na FN ya Ubelgiji. Hizi ni imara, lakini bei yake huwa ya kazi, si ya makumbusho.

Kipimo cha tundu

Nambari 12, 16 au 20 si milimita. Ni idadi ya vidonge vya risasi vya mviringo, vinavyolingana na tundu, vinavyopatikana kwenye ratili moja ya madini ya risasi. Kwa hiyo nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: 12 ni kama milimita 18.5, 16 ni kama 16.8, na 20 ni kama 15.6. Ndogo iitwayo .410 hutajwa kwa kipenyo chake cha inchi.

Hapa pana ajali moja ya kujua. Risasi ya 20 ikitiwa kimakosa kwenye bunduki ya 12 hupita chemba na kukwama mbele yake. Mtu akadhani hakutia kitu, akaongeza ya 12 nyuma yake, akafyatua, mtutu hupasuka mkononi. Ukikuta kasha la marehemu lenye risasi za aina mbili, litaje kwa polisi mapema.

Urefu wa chemba nao hupimwa. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya inchi 2½, yaani milimita 65, na risasi za sasa aghalabu ni za milimita 70. Ya 70 huingia vizuri tu kwenye chemba ya 65, na hapo ndipo penye hila: ganda linapofunguka mbele hukosa nafasi, na shinikizo hupanda.

Kusoma mihuri

Hii ndiyo kazi yenyewe, kwa hivyo nitakaa hapa. Toa kibao cha mbele (mbao iliyo chini ya mitutu), fungua bunduki, tenganisha mitutu, igeuze chini juu. Utahitaji kioo cha kukuzia na tochi ya kuangazia kwa upande. Mwanga ukitoka juu herufi zilizolika hazionekani.

Uingereza ilikuwa na nyumba mbili za kujaribia mitutu kwa baruti ya ziada. Ya London ni ya Chama cha Wahunzi wa Bunduki kilichopata hati ya kifalme mwaka 1637, na ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. London hugonga herufi G na P zilizofumwa pamoja chini ya taji, na V chini ya taji. Birmingham ya zamani, kuanzia 1813 hadi 1904, ilitumia fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, moja ikiwa na V na nyingine BPC. Kuanzia 1904 ikageuka kuwa taji juu ya BP, taji juu ya BV na taji juu ya NP.

NP ndiyo ya kutafuta. Inasema mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Mtutu usio na NP wala maneno "NITRO PROOF" ulijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, na haufai kupigiwa risasi za dukani hata ukiwa unang'aa. Maneno "NOT FOR BALL" yaligongwa kati ya 1875 na 1887 kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni, kuonya mtu asitie kidonge kimoja kikubwa. Ukiyaona, umeupata umri wa bunduki ndani ya miaka 12.

Tufanye mfano mmoja. Chini ya mitutu kuna taji juu ya BP, BV na NP. Kando yake kuna umbo la almasi lenye 12 juu na C chini. Kuna maneno "NITRO PROOF 1⅛ OZ MAX". Na karibu na bawaba kuna 13 juu ya mstari na 1 chini yake. Taji na herufi zake zinatupa Birmingham baada ya 1904. Almasi yenye 12 na C peke yake, bila urefu wa chemba, inatuweka kabla ya kanuni za 1925. Wakia 1⅛ ni uzito wa juu wa marisau. Na ile 13 juu ya 1? Wengi huandika "bunduki ya 13" na kuharibu hesabu yote. Hicho ni kipimo cha tundu lenyewe wakati wa majaribio, inchi .719, ilhali chemba ni ya 12. Mafundi wa siku hizo walipenda tundu lililobana kidogo. Kipimo hicho utakihitaji tena tukifika kwenye hali ya mtutu, kiandike.

Kuanzia 1954 Waingereza waligonga shinikizo kwa tani, mfano "3 TONS". Ukiikuta kwenye bunduki ya 1900, maana yake ilijaribiwa upya baadaye, na hilo ni jambo jema.

Ubelgiji ni rahisi: mji wa Liège hugonga ELG na nyota ndani ya duara la yai, na kuanzia 1893 kuna taji juu yake. Bunduki za Liège ndizo zilizojaa Afrika, nzuri na mbovu pamoja. Ujerumani ina taji juu ya herufi, N ikiwa ya baruti ya kisasa, na nyingi za kati ya vita viwili vya dunia zina mwezi na mwaka kwa tarakimu, mfano 4.29 kwa Aprili 1929. Ufaransa hutaja Saint-Étienne waziwazi. Italia, kwa bunduki za Gardone, iliweka mwaka kwa tarakimu za Kirumi: X ni 1954, XX ni 1964. Uhispania hutafutwa kwa jina la mji wa Eibar, na za Urusi huwa zimeandikwa Baikal na nchi ya Kisovieti iliyozitengeneza.

Jina, anwani na nambari

Jina juu ya mtutu ni dai, muhuri ni ushahidi. Bunduki ikiandikwa "Richards" kwa maringo huku chini yake pakiwa na ELG, ni ya Liège iliyotafuta kuchanganywa na Westley Richards. Majina ya Manton na Greener nayo yaliigwa sana, mara nyingine kwa kuongeza au kupunguza herufi moja. Pia jina la duka haliwi jina la kiwanda. Maduka mengi yaliagiza bunduki Birmingham na kugonga jina lao wenyewe.

Anwani husaidia kuweka mwaka. Purdey, iliyoanza 1814, ilikuwa 314½ Oxford Street mpaka 1882, kisha ikahamia Audley House. Mtutu wenye anwani ya Oxford Street hauwezi kuwa wa 1900. Kampuni kama Purdey, Holland & Holland na Westley Richards zina madaftari ya zamani; ukiwapa nambari wanaweza kukuambia ilitengenezwa lini na kwa vipimo gani.

Linganisha nambari pande tatu: kwenye mtambo, kwenye mitutu na kwenye kibao cha mbele. Zikitofautiana, umeunganishiwa bunduki mbili. Ukikuta 1 au 2 ya dhahabu juu, hiyo ni nusu ya jozi, na mwenzake anaweza kuwa yuko nyumba nyingine ya ukoo. Ulizeni kabla hamjauza.

Hali ya chuma na mbao

Hewa yetu ni adui. Chumvi ya bahari huacha kutu hata kwenye alama ya kidole, na kasha la ngozi lililofungwa huhifadhi unyevu badala ya kuuzuia. Kwa hivyo anza ndani ya mitutu. Angalia taa kupitia tundu: duara za mwanga zikikatika, kuna mbonyeo, vidoa vyeusi ni vishimo vya kutu. Vishimo karibu na chemba ni vibaya kuliko vya mdomoni.

Ning'iniza mitutu iliyotenganishwa kwa ndoano yake, uigonge kwa ukucha. Mizima hulia kama kengele. Ikitoa mlio wa kufa, lehemu ya utepe unaoiunganisha imeachia mahali. Kisha unganisha bunduki bila kibao cha mbele, ifunge, itazame kinyume cha mwanga pale mitutu inapokutana na uso wa mtambo. Mwanga ukipenya, bawaba imelika.

Tazama mdomo. Mitutu ya mwanzo hugusana au kukaribiana sana. Ukiona nafasi iliyojazwa lehemu, imekatwa, na ubanaji wa mdomo umekwenda na kipande hicho. Tazama pia inchi chache mbele ya chemba kama kuna mstari mwembamba unaozunguka mtutu, au neno "SLEEVED": sehemu ya mbele imebadilishwa. Bunduki hiyo inaweza kupigwa salama, lakini bei hushuka sana.

Sasa ile .719. Fundi hupima tundu inchi 9 kutoka nyuma. Kutu ikisuguliwa mara kwa mara tundu hupanuka, na likizidi kipimo kilichogongwa kwa sehemu kumi kati ya elfu za inchi, yaani .010, jaribio la zamani halina nguvu tena kwa kanuni za Kiingereza. Unene wa ukuta wa mtutu nao hupimwa, na wengi hawakubali chini ya sehemu ishirini kati ya elfu za inchi, nusu milimita hivi, mahali pembamba zaidi.

Mitutu yenye michoro ya mawimbi ndani ya chuma chenyewe ni ya Damaski, iliyofumwa kwa vipande vya chuma na feleji. Inapendeza na wakusanyaji huitaka, lakini mingi haina NP. Iko pia ya uongo, michoro imechapwa juu tu. Tafuta mchoro chini ya kibao cha mbele, ambako mchapaji hakujisumbua kufika.

Mbao nzuri ni ya mjozi. Nyufa nyuma ya mtambo, na weusi wa mafuta yaliyolainisha mbao, hupunguza bei. Vichwa vya skrubu vilivyochanikachanika vinakuambia bisibisi ya nani iliingia humo.

Na usiing'arishe. Kila mtaa una fundi wa jua kali atakayeipiga msasa, aitie nikeli na vanishi ya milango, na airudishe kama mpya. Ameondoa herufi, nakshi na rangi ya asili kwa mara moja. Mafuta mepesi kwa kitambaa laini yanatosha, na mafuta ya nazi yaacheni kwenye nywele.

Kufikia bei

Mnada ndio unaosema ukweli. Nyumba za mnada za Uingereza kama Holts na Bonhams huchapisha bei zilizofikiwa. Tafuta bunduki ya mtengenezaji huyohuyo, mtambo huohuo, kipimo na hali inayofanana, na chukua bei ya nyundo, yaani ile iliyofungia mnada; aliyenunua alilipa ada juu yake, na aliyeuza alikatwa kamisheni. Bei inayotangazwa na muuzaji dukani ni matarajio yake.

Kwa wastani, bunduki ya kisanduku ya Birmingham isiyo na jina kubwa na isiyorusha maganda yenyewe haivuki paundi mia chache. Ya Liège ya kawaida huwa chini ya hapo. Purdey au Holland & Holland ya mtambo wa sahani, mitutu yake ya asili, yenye muhuri ambao bado una nguvu, hufika maelfu mengi, na bora zake makumi ya maelfu. Gumegume na magobori hupimwa kwa historia na nakshi. Kama ina pembe ya ndovu, simama: sheria ya wanyamapori ya 2013 inaingia, na mazungumzo ni na KWS, shirika la wanyamapori, si na mnunuzi.

Bei ya London haigeuzwi tu kuwa shilingi ikaandikwa. Hapa mnunuzi lazima apate kibali kwanza, wauzaji wenye leseni ni wachache, na kuisafirisha nje kunahitaji vibali vya nchi mbili pamoja na gharama za usafiri. Ndiyo maana bunduki ya paundi mia mbili mara nyingi haifai kusafirishwa kabisa, na ya paundi elfu kumi inafaa kutafutiwa wakili.

Kwa mirathi, omba tathmini ya maandishi kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, na uitake iseme ni bei ya nini: ya kuuza siku marehemu alipofariki, au ya bima. Ya bima huwa juu, na mrithi atakayebaki na bunduki asikatwe fungu lake kwa bei hiyo. Tathmini itaje nambari, mihuri kama ilivyosomwa, kipimo cha tundu na kasoro zote. Asipopatikana mrithi wa kupewa cheti, muuzaji huiuza kwa mwenye kibali na warithi hugawana fedha. Ikiwa haina mnunuzi, isalimishwe polisi, na stakabadhi ya kuisalimisha itiwe kwenye faili la mirathi.